Karanga za Shangazi

Pale mpakani walimwita Chiriku, na jina hilo hakusingiziwa. Hakuwa mtu wa kumaliza kazi bila kuimba. Akisaga sampuli anaimba, akiosha chupa anaimba, na mashine ikigoma huimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto mkaidi. Kazi yake ilikuwa kupima chakula kinachoingia nchini: mchele, unga, maharage, mafuta, maziwa ya kopo, chochote kilichopanda lori upande wa pili kikitaka kushukia matumboni mwa watu wa upande huu. Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya vigae vyeupe nyuma ya ofisi ya forodha. Dirisha moja lilitazama uwanja wa malori, jingine lilitazama ukuta, na wafanyakazi waligombea kukaa kwenye lile la kwanza.

Wiki ile nyimbo zilizidi, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Jumamosi Chiriku alikuwa anaolewa.

Bwana harusi alikuwa fundi majokofu. Alikuja mara ya kwanza kutengeneza jokofu la maabara, akalitengeneza vizuri, kisha likaharibika wiki iliyofuata, na wiki iliyofuata tena, mpaka mkuu wa maabara akauliza kama kijana yule anatengeneza jokofu au anatengeneza mambo yake. Mkuu huyo walimwita Bosi Miwani, kwa sababu miwani yake ilikaa utosini kutwa nzima huku mwenyewe akiitafuta mezani. Hata hivyo mambo ya watu aliyaona bila miwani. "Jokofu limepona," alimwambia Chiriku siku moja. "Sasa mwambie fundi aje kwenu mchana, kwa mlango wa mbele."

Fundi akaja kwa mlango wa mbele, wazee wakazungumza, mambo yakanyooka. Lililobaki kumtia Chiriku wasiwasi lilikuwa moja tu: Shangazi.

Fundi alifiwa na wazazi angali mchanga. Aliyembeba, akamlisha, akamchapa na kumsomesha alikuwa dada wa baba yake, mkulima na mfanyabiashara wa nafaka ng'ambo ya mpaka, mwanamke ambaye sauti yake, kwa maelezo ya Fundi, iliweza kumsimamisha ng'ombe aliyekwisha kukata kamba. Chiriku alikuwa hajamwona hata siku moja. Walisalimiana kwenye simu tu, na kwenye simu Shangazi alikuwa mtu wa maneno machache, jambo ambalo Fundi alisema si la kawaida kabisa.

"Ananichukia," Chiriku alisema.

"Anakuogopa," Fundi akamjibu. "Unamchukulia mtoto wake. Mpate yeye, umenipata mimi."

"Na nisipompata?"

"Utanipata vilevile. Ila tutakula chakula cha baridi maisha yetu yote."

Alhamisi asubuhi Chiriku alikuwa dirishani akifuta vyombo vya kioo, mara akasikia makelele uwanjani. Lori la turubai la kijani lilikuwa limeingia, na mlango wa mbele ulikuwa unafunguka. Kwanza ulitoka mguu, ukapapasa ngazi, ukatulia. Kisha mama mmoja wa mwili wa kutosha akateremka kinyumenyume, akajigeuza, akaweka mikono kiunoni na kuikagua foleni ya malori kama mwenye nyumba aliyekuta wageni wamekaa bila kukaribishwa.

"Nani mkubwa hapa?" aliuliza, na njiwa waliokuwa juu ya bati wakaruka. "Mimi nina mzigo wa harusi! Mchele, maharage, na karanga nilizolima kwa mikono yangu. Mtoto wa kaka yangu anaoa Jumamosi. Fundi majokofu, kila mtu anamjua! Harusi haipangi foleni!"

Kitambaa kikamdondoka Chiriku.

Hapo angeweza kujificha. Choo kilikuwa karibu na mlango wake ulikuwa na komeo. Lakini kujificha siku ya kwanza ni kujificha milele, alijiambia. Akavua glavu, akanyoosha koti lake jeupe, akatoka nje mwenyewe.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kutoboa magunia?"

"Ndiye mimi." Akasogea hatua moja. "Na ndiye mkamwana wako."

Shangazi alimtazama kuanzia viatu vya mpira mpaka kofia ya nywele, akashuka tena mpaka viatu. Halafu akapiga kigelegele ambacho kiliwatoa maofisa wa forodha kwenye viti vyao, akamvuta Chiriku kifuani akambana mpaka kifungo cha koti kikakatika.

"Kumbe ndiye huyu! Mbona kwenye simu ulikuwa na sauti ya mtu mzima? Haya mwanangu, afadhali tumepata mwenyeji. Waambie wafungue kizuizi, tupite, jua linatuchoma."

"Shangazi, lazima mzigo upimwe kwanza."

"Upimwe nini?"

"Kila chakula kinachoingia kinapimwa."

"Hata cha mkwe?"

"Cha mkwe ndicho hasa."

Shangazi akacheka, akidhani ni mzaha. Chiriku akacheka pia, maana hakujua afanye nini kingine, kisha akaenda moja kwa moja kwa Bosi Miwani akamweleza. Bosi akavuta pumzi.

"Basi wewe hugusi gunia lolote la lori hilo. Kiduchu atapima. Ikitoka nzuri, mtu asiseme umependelea. Ikitoka mbaya, mtu asiseme una kinyongo na mkwe."

Kiduchu alikuwa mpimaji mwenzake, mtu mrefu ambaye kila mlango wa jengo lile ulikuwa umekwisha mgonga paji la uso. Akachukua bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji cha kuchoma kwenye gunia na kutoa punje bila kulifungua, akazunguka lori lote. Akatoa huku na kule, juu na chini, akachanganya, akasaga. Mchele ukapita. Maharage yakapita. Uwanjani Shangazi alikuwa amekwisha kalia debe kivulini mwa lori, akiwasimulia madereva jinsi bwana harusi alivyokuwa akiogopa kuku utotoni.

Zikafika karanga. Kiduchu alitia unga wake kwenye dawa, akatikisa, akaacha itulie, akatumbukiza ukanda mdogo wa kupimia. Ukanda ule una lugha nyepesi: ikitokea mistari miwili, chakula ni salama, ukitokea mmoja, kina sumukuvu kupita kiasi kinachoruhusiwa.

Ukatokea mmoja.

Kiduchu aliuweka ukanda kando. Akachukua sampuli nyingine, akarudia toka mwanzo, polepole. Chiriku alikuwa amesimama kando ya sinki, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeambiwa asubiri nje ya mlango wa mwalimu mkuu.

Mmoja tena.

"Nitakwenda kumwambia," Bosi Miwani alisema. "Hiyo ni kazi yangu."

"Hapana, Bosi," Chiriku akasema. "Kupima sikupima, lakini kumwambia niachie mimi. Akisikia kwa mtu mwingine, atajua nilikuwa nyuma ya mlango. Nitaishi naye vipi?"

Akatoka. Uwanja ule aliuvuka kila siku bila kuuona, lakini asubuhi ile ulikuwa mpana kama jangwa. Alichuchumaa mbele ya debe la Shangazi ili macho yao yalingane.

"Shangazi, mchele wako ni mzuri. Maharage ni mazuri sana. Karanga haziwezi kuingia."

Madereva wakaacha kucheka. Shangazi akainama mpaka pua yake ikakaribia ya Chiriku.

"Rudia."

"Karanga zina kuvu, na kuvu hiyo imetoa sumu. Haionekani, hainuki, na hata ukizikaanga haiondoki. Inalila ini polepole. Watoto inawadumaza. Siwezi kuruhusu zipite, na hata ningeweza, nisingeziweka mbele ya wageni wetu."

"Mimi nimekula karanga toka sina meno," Shangazi akasema, "na ini langu lipo hapa hapa."

"Hata mimi nimeziona nzuri kwa macho. Lakini mvua haikuzikuta?"

Mvua ilizikuta. Ilinyesha wakati wa kung'oa, ikanyesha tena wakati wa kuanika, na Shangazi kwa haraka ya harusi alizijaza kwenye magunia kabla hazijakauka sawasawa, akazifunika turubai ili zisilowe zaidi. Akageuza uso akalitazama lile turubai kama rafiki aliyemsengenya.

"Nataka kuona kwa macho yangu," akasema hatimaye.

Basi wakamwingiza maabara. Walimvalisha koti jeupe kubwa kuliko yote, nalo likakataa kufunga vifungo. Alichagua gunia mwenyewe, akalichoma bambo mwenyewe, kwa nguvu ya mtu anayelipiza kisasi, na akachungulia juu ya bega la Kiduchu, jambo ambalo kwa urefu wa Kiduchu halikuwa rahisi, mpaka ukanda ukatumbukizwa.

Mstari wa kwanza ukajitokeza.

"Ngojeni," Shangazi akasema. "Mwenzake anakuja."

Wakangoja.

"Labda amechelewa njiani."

Wakazidi kungoja. Bosi Miwani akatafuta miwani yake mezani, akaikosa, akaacha.

"Haji," Shangazi akasema taratibu, akakaa kwenye kigoda. "Ameghairi, kama bwana harusi muhuni."

Ndipo mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia Fundi akihema, mkoba wa zana begani. Dereva mmoja alikuwa amempigia simu kumwambia kuwa mkewe mtarajiwa na shangazi yake wako maabara na mmoja wao huenda asitoke salama.

"Afadhali umekuja," Shangazi alisema. "Huyu bibi harusi wako amezikataa karanga zangu. Nimezilima kwa ajili yako. Toka umeanza kutembea nilisema, siku huyu akioa, wageni watatafuna kutoka shambani kwangu. Nawe unasema nini?"

Fundi akamtazama Shangazi. Akamtazama Chiriku. Kisha akaligeukia jokofu lililokuwa kwenye kona, akaliinamia na kulitegea sikio, kana kwamba limemwita kwa jina.

"Liache jokofu la watu!" Shangazi akanguruma. "Halina ugonjwa! Nakuuliza wewe!"

Fundi akanyanyuka. "Shangazi, wewe ndiye uliyenifundisha kunusa maziwa kabla ya kunywa," akasema. "Mimi nasema kama alivyosema yeye."

Chiriku alishika ukingo wa meza. Alitarajia chochote: kilio, laana, safari ya kurudi nyumbani. Alichokiona ni mabega ya Shangazi yakianza kutikisika. Kwanza alidhani analia. Halafu kicheko kikatoka, kikapanda kutoka tumboni kama maji ya bomba lililokuwa limeziba, kikajaza vyumba vyote viwili.

"Njoo hapa," alimwambia Chiriku, akamvuta kando yake. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nikueleze kitu. Njia nzima nilikuwa na wasiwasi. Mtoto wangu huyu ni mpole, hata kuku wanamfukuza. Nikajiuliza, namwachia nani? Mtu wa ndiyo, ndiyo, kwa kila anayepita? Kwenye simu ulikuwa unaniitikia ndiyo Shangazi, sawa Shangazi, nikasema hapa nimepatikana. Leo umekuja umechuchumaa mbele yangu, mbele ya madereva wote, ukaniambia hapana. Mimi! Hata marehemu mume wangu hakuthubutu."

"Nilikuwa natetemeka, Shangazi."

"Nilikuona. Ndiyo maana nimekupenda."

Yaliyofuata yalizungumzwa mpakani pale kwa muda mrefu. Kwa utaratibu, mzigo uliokataliwa ama hurudishwa ulikotoka au huteketezwa, na mwenye mali ndiye huchagua. Shangazi akasema hawezi kurudi nazo akamuuzia jirani yake kitu alichokikataa mkwe wake. Zichomwe. Lakini zisichomwe kama takataka. "Nimezizaa mimi, nitazizika mimi," akasema, akaongoza msafara.

Tanuri lilikuwa nyuma ya uwanja. Wapakizi wakabeba magunia mabegani kwa mwendo wa pole, wakiwa wamenuna kwa makusudi. Madereva waliochoka kungoja foleni wakafuata nyuma, maana mpakani burudani ni adimu. Mmoja alivua kofia akaiweka kifuani. Dereva wa lori la vitunguu alibubujikwa na machozi ya kweli kabisa, ila huyo alikuwa ametoka kupanga mzigo wake uliopasuka. Bosi Miwani alitaka kukataza, akafikiri, akajiunga.

"Ndugu waombolezaji," Shangazi akaanza, amesimama mbele ya tanuri na koti lake la maabara lisilofunga. "Marehemu hawa walikuwa wanene na wekundu, na walilelewa vizuri. Walikosea kitu kimoja tu, walilala na maji. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema, mgeni njoo, mwenyeji augue! Basi tuwaage."

"Tuwaage!" wakaitikia.

Gunia la kwanza likaingia motoni, na hapo msiba ukaharibika, kwa sababu kilichotoka tanurini ilikuwa harufu ya karanga zinazokaangwa, nzuri, nzito, ya kumtoa mtu mate. Tumbo la Kiduchu likanguruma hadharani. Chiriku alijaribu kujizuia, akashindwa, akaangua kicheko, na Fundi akamfuata, na mara uwanja mzima ulikuwa unacheka, waombolezaji wakishikana mabega wasianguke.

Jioni ile Shangazi alifika nyumbani kwa kina Chiriku na mchele na maharage yake, akakabidhi mzigo kwa mama Chiriku na kumsimulia yote kwa kuigiza, sehemu za Kiduchu akipanda juu ya kiti. Lakini Chiriku aliona, sahani zilipokuwa zinaondolewa, jinsi alivyokaa akitazama viganja vyake.

"Bado zinakuuma, Shangazi?"

"Zinauma kidogo. Nilikuwa nimeahidi."

"Ulizimaliza zote? Hata mbegu?"

Shangazi akainua kichwa. Mbegu! Hizo zilikuwa za shamba la bondeni, ziling'olewa kabla mvua haijaanza, zikakaukia juani mpaka zikawa zinalia kama njuga ukizitikisa. Alikuwa na mapipa ya kumtosha msimu ujao, na ziada. Akachukua simu, akampigia jirani yake ng'ambo, na ingawa hakukuwa na haja ya simu kwa sauti ile, jirani akaelewa: debe moja lipande lori la kwanza la asubuhi.

Ijumaa debe likafika. Kiduchu ndiye aliyepima tena, Chiriku akiwa nje kwenye kundi, maana habari ilikuwa imekwisha enea na dirisha la maabara lilikuwa limejaa nyuso kama watu wanaotazama mpira. Madereva, wapakizi, mama muuza chai na birika lake, hata ofisa wa forodha ambaye hakuwahi kuonekana akitabasamu. Shangazi alikuwa mbele kabisa, pua imegusa kioo. Mkono wake ulikuwa umeushika mkono wa Chiriku, na ulikuwa baridi.

Ukanda ukatumbukizwa. Mstari wa kwanza ukatokea. Watu wakashusha pumzi, wakaizuia tena. Chini yake hapakuwa na kitu. Kisha pakawa na kivuli, kitu ambacho ungeweza kusema umekiwaza tu. Kivuli kikakolea, kikawa mstari, ukawa mwekundu, umenyooka, hauna shaka.

Kiduchu akauinua juu, na kwa furaha akajigonga kwenye taa.

Kelele iliyopigwa pale iliwafanya walinzi wa upande wa pili watoke kibandani kuuliza kama kuna ajali. Mama muuza chai alimimina chai kwa kila aliyekuwa na kikombe. Shangazi hakupiga kigelegele safari hii. Alimwinamia Chiriku akaegemeza kichwa begani mwake.

Jumamosi Chiriku akaolewa. Debe moja si kitu kwa umati wa harusi, kwa hiyo kila mgeni alipata kiganja kimoja tu, na Shangazi aligawa mwenyewe, akipita meza kwa meza, akimwambia kila mtu: "Tafuna bila wasiwasi, hizi zimesoma!" Madereva waliokuwa mpakani Alhamisi walikuja bila kualikwa, na hakuna aliyewauliza. Wa vitunguu alileta vitunguu. Bosi Miwani alicheza na Shangazi mpaka miwani ikaruka kutoka utosini, na kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe aliona ilipo kabla ya watu. Fundi alicheza vibaya na kwa moyo wote. Chiriku alikula kiganja chake cha karanga punje moja moja, akiwa ameegemea bega la mumewe, akimsikiliza mama yake na Shangazi wakibishana kwa furaha jikoni juu ya nani amekatazwa kuosha sufuria.

Jumapili mchana wawili hao walimsindikiza Shangazi mpaka kwenye kizuizi. Alikuwa amebeba kapu la vyakula vilivyobaki, naye akasimama mbele ya mlinzi wa zamu.

"Na hiki je, hamkipimi?"

"Mama, kinachotoka sisi hatukipimi."

"Mmeona uvivu huo? Basi nitawaambia wa kwetu wakipime. Nimekwisha zoea kupimwa."

Alipanda lori mguu kwanza, akakaa, akatoa kichwa dirishani. "Msimu ujao utakuja kwangu," akamwambia Chiriku. "Utawaonyesha akina mama wenzangu namna ya kuanika. Kuna mmoja mbishi sana, huyo niachie mimi."

"Nitakuja, Shangazi."

"Na huyu umlete. Kuku wamemkumbuka."

Kizuizi kikainuka. Lori likaondoka polepole, na hata lilipokwisha kupita ng'ambo walikuwa bado wanamsikia, akimweleza dereva kwa kirefu, na kila aliyekuwa kwenye foleni, kwamba yeye ana mkamwana ambaye hata yeye anamwogopa.